Uchumi unakua, deni linakua: mkulima wa Njombe anapata nini?



Katika darsa moja baada ya swala ya Isha hapa Makambako tulikuwa tumefika kwenye mlango wa riba. Mzee mmoja anayefanya biashara ya viazi mviringo aliomba nafasi ya kuuliza. Akasema: "Ustadh, mimi si msomi, lakini kila mwaka mwezi wa sita nasikiliza bajeti redioni. Wanasema uchumi umekua. Hapohapo wanasema serikali itakopa kuziba pengo. Mimi nyumba yangu ikikua sikopi, na nikikopa sisimami barazani kujisifu kwamba nimekua. Sasa kipi cha kweli?"

Watu walicheka. Nilimjibu kwa haraka kwamba yote mawili ni kweli, tukaendelea na darsa. Lakini jibu lile sikuridhika nalo, kwa sababu mzee hakuwa anauliza hesabu. Alikuwa anauliza kama huo uchumi unaokua, na hilo deni linalokua pamoja nao, vinamfaa yeye na mkulima anayemuuzia viazi. Hilo ni swali la dini kabla ya kuwa swali la wachumi, na ndilo ninalotaka kulijibu hapa kwa nafasi.

Tuanze na hesabu, maana haikwepeki. Uchumi kukua maana yake ni kwamba thamani ya vitu na huduma zilizozalishwa nchini mwaka huu imezidi ya mwaka jana. Nakisi ya bajeti ni kitu kingine kabisa: ni pengo kati ya kile serikali inachokusanya na kile inachotumia. Mtu anaweza kuvuna zaidi kuliko mwaka jana na bado akakopa ili anunue mashine ya kusaga. Kwa hiyo mzee asione ajabu vitu hivi viwili kutajwa pamoja. Ajabu iko mahali pengine.

Katika miaka ya 2000 Tanzania ilisifiwa sana duniani. Uchumi ulikuwa ukikua kwa wastani wa karibu asilimia 7 kwa mwaka. Lakini takwimu za mapato na matumizi ya kaya zilionyesha kwamba kati ya mwaka 2000/01 na 2007 kiwango cha umaskini Tanzania Bara kilishuka kutoka asilimia 35.7 hadi 33.6 tu. Miaka sita, saba ya ukuaji wa kusifiwa, na watu wawili tu katika kila mia ndio waliovuka mstari! Kwa kuwa idadi ya watu iliongezeka, hesabu ya maskini kwa vichwa iliongezeka badala ya kupungua. Baadaye hali ikawa nafuu kidogo: kwa vipimo vipya, asilimia 28.2 mwaka 2011/12 na 26.4 mwaka 2017/18. Julai 2020 Benki ya Dunia ikatupandisha kwenye kundi la nchi za kipato cha kati cha chini.

Na deni? Kwa mujibu wa ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, deni la serikali lilikuwa shilingi trilioni 71.31 Juni 2022, likafika trilioni 82.25 Juni 2023, na trilioni 97.35 Juni 2024. Msomaji asitishike na tarakimu peke yake. Nchi inayokua inaweza kubeba deni linalokua. Cha kuuliza ni kwamba zile fedha zilipoingia zilizunguka kwa nani, na zitakapolipwa zitatoka mfukoni mwa nani.

ISIWE INAZUNGUKA KWA MATAJIRI

Hapa ndipo Qur'an inapotupa kipimo. Katika Suratul Hashr aya ya 7 Allah (S.W.) anaeleza mgawanyo wa mali ya fai, ile iliyopatikana kwa Banu Nadhir bila vita. Anawataja wanaostahiki: jamaa, mayatima, maskini, msafiri. Kisha anataja sababu, nayo ni kwamba mali isibaki ikizunguka baina ya matajiri peke yao. Mtume (S.A.W.) aliigawa kwa Muhajirina waliokuwa wameacha kila kitu Makka, na katika Ansar akawapa wachache tu waliokuwa mafukara. Tuzingatie kwamba aya haikuuliza mali ni kiasi gani. Imeuliza inazunguka wapi.

Sasa tuchukue kipimo hiki tuje nacho nyumbani. Mkoa wa Njombe ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Iringa. Ni mkoa wa viazi, mahindi, chai, mbao, nguzo za umeme, na sasa parachichi ambalo limewafanya hata watumishi wa Dar es Salaam kuja kutafuta mashamba. Takwimu za taifa zimekuwa zikiuweka miongoni mwa mikoa yenye wastani mkubwa wa pato kwa kila mtu. Ukisimama njia panda ya Makambako usiku, ambapo barabara ya Songea inaungana na ile ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia, utaona malori yakipita yamejaa. Huo ndio uchumi unaokua, unauona kwa macho.

Lakini utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 50.4 ya watoto wa chini ya miaka mitano katika Mkoa wa Njombe wamedumaa. Nusu! Kitaifa ni kama asilimia 30. Iringa, jirani zetu, ni asilimia 56.9, na Rukwa 49.8. Yaani mikoa inayoilisha nchi ndiyo yenye watoto waliodumaa kuliko wote.

Mtu atasema ni ujinga wa lishe. Kwa sehemu ni kweli. Mama anashinda shambani tangu alfajiri, mtoto anaachwa na uji mweupe na viazi. Maziwa, mayai na maharage yanapelekwa sokoni kwa sababu ndiyo yenye fedha ya haraka. Lakini jiulize kwa nini kaya yenye ekari mbili za viazi ilazimike kuuza yai ili ipate fedha ya sabuni. Viazi vile vimekwenda wapi? Thamani yake imeingia kwenye pato la taifa, hilo halina shaka. Imeingia pia kwenye mfuko wa mtu. Ni mfuko wa nani? Nitarudi hapo, lakini kwanza tumalize habari ya deni.

DENI LINALOFAA NA DENI LINALOUMIZA

Baadhi ya ndugu zetu wakisikia serikali imekopa hutamka mara moja kwamba ni dhambi tupu. Tuwe waangalifu. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikopa. Imepokewa na Nasai kwamba alikopa elfu arobaini kwa Abdullah bin Abi Rabia, na mali ilipomfikia akamlipa na kumuombea baraka. Kukopa si haramu. Riba ndiyo haramu, na kukopa bila nia ya kulipa ni dhulma.

Makambako yenyewe ina mfano ambao watu hawaukumbuki. Reli ya TAZARA, inayopita hapa mjini, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zilikuwa zimekataa, zikisema haina faida. China ikatoa yuan milioni 988, za kulipwa katika miaka 30, bila riba. Bila riba! Makomunisti wasioamini Mungu walitukopesha kwa namna inayokaribia qardhul hasan kuliko mkopo wowote ambao serikali inachukua leo kwa kuuza hatifungani kwenye mabenki. Reli hiyo, na baadaye barabara ya lami ya Makambako hadi Songea iliyojengwa kwa fedha za Waingereza na kukamilika miaka ya 1980, ndizo zilizofanya kijiji hiki kiwe mji. Mwenye duli la mbegu pale njia panda hajui, lakini duka lake linakula matunda ya mikopo na misaada ile.

Mfano wa karibu zaidi ni mbolea. Mwaka 2022 bei ya mfuko wa DAP wa kilo 50 ilikuwa imepita shilingi 130,000. Viazi bila mbolea katika ardhi ya Njombe ni kupoteza mbegu. Agosti mwaka huo serikali ikaanzisha ruzuku, mfuko ukashuka hadi shilingi 70,000, na shilingi bilioni 150 zikatengwa kwa kazi hiyo. Mwenye kutazama nakisi tu atasema hapa serikali imeongeza matumizi. Mimi nasema kama kuna fedha iliyomfikia mtu wa chini bila kupitia mikono mingi, ni hii.

Upande wa pili upo vilevile. Mwaka 2001 Tanzania ilisamehewa sehemu kubwa ya madeni ya nje, na ada ya shule za msingi ikafutwa, watoto wakajaa madarasani. Hiyo ilikuwa neema. Haikupita miaka mingi, katika mwaka wa fedha 2005/06, shilingi bilioni 133 zikachotwa Benki Kuu kutoka Akaunti ya Madeni ya Nje, ile ya EPA, zikalipwa kwa makampuni 22. Ukaguzi ulipowekwa hadharani Januari 2008 uchumi ulikuwa unakua vizuri kabisa. Wizi haukuzuia ukuaji na ukuaji haukuzuia wizi.

Na pengo likizidi, anayeitwa kuliziba ni nani? Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Mwenye akaunti na hundi aliendelea na benki yake. Aliyeguswa kwanza ni kijana wa Makambako anayemtumia mama yake shilingi elfu ishirini kijijini. Kelele zikawa nyingi, Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikaendelea kuondolewa hatua kwa hatua. Lakini tulijifunza kitu: deni linapochukuliwa hatuulizwi, linapolipwa tunatafutwa mpaka ndani ya simu.

Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alikutana na jambo la namna hii. Iraq ilipofunguliwa, baadhi ya masahaba wakubwa walitaka ardhi yake yenye rutuba igawanywe kwa wapiganaji. Abu Yusuf anasimulia katika Kitab al-Kharaj, alichomwandikia Khalifa Harun al-Rashid, jinsi mjadala ulivyokuwa mkali na kuchukua siku. Umar alikataa. Hoja yake ilikuwa aya hizihizi za Suratul Hashr, kwa kuwa baada ya kutajwa Muhajirina na Ansar, aya ya 10 inawataja watakaokuja baada yao. Akauliza, nikigawa yote leo, watakaokuja watapata nini? Akaiacha ardhi kwa wakulima wake na kuweka kodi ya kharaj iingie Baitul Maal mwaka baada ya mwaka. Umar aliwahesabu watoto ambao hawajazaliwa kuwa wana haki katika mali ya umma. Anayekopa leo kwa ajili ya posho na magari, na kumwachia deni mtoto wa Njombe ambaye hata kimo chake hakijatimia, amefanya kinyume cha Umar.

Na kama mtu anadhani haki hii ni ya Waislamu peke yao, asome barua ya Khalifa Umar bin Abdul Aziz kwa gavana wake wa Iraq, iliyohifadhiwa na Abu Ubaid katika Kitab al-Amwal. Mali ilikuwa imebaki baada ya watu kulipwa stahiki zao. Khalifa akaagiza walipiwe wenye madeni. Ikabaki. Akaagiza waozeshwe vijana wasio na mahari. Ikabaki tena. Akaagiza wakopeshwe wakulima wasio Waislamu, wenye kulipa jizya, ili waweze kulima ardhi yao. Sisi tunaoishi Njombe, ambako wakulima wengi tunaonunua kwao ni Walutheri na Wakatoliki, tuikariri barua hii.

GUNIA LA LUMBESA

Sasa nirudi kwenye viazi, maana hapa serikali haimo sana na sisi tumo.

Kanuni za vipimo zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Kila mtu anayefanya biashara hii anajua gunia linavyoondoka shambani. Linajazwa, linashindiliwa, kisha juu ya mdomo linashonewa kipande kingine kwa kamba na kujazwa tena mpaka linakuwa na kichwa kama mtu aliyevaa kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Bei inabaki ya gunia moja.

Tufanye hesabu ya mfano. Mkulima amevuna kilo 5,000. Kwa magunia ya kilo 100 angeuza magunia 50. Kwa lumbesa ya kilo 140 anahesabiwa magunia 35 na kasoro. Magunia zaidi ya 14 yameondoka bila kulipwa. Hiyo ni mbolea yake ya msimu ujao, na ndiyo ile fedha ya sabuni iliyomfanya mkewe auze mayai. Halmashauri nayo, pale ushuru unapohesabiwa kwa gunia, inapoteza ushuru wa magunia 14, na pengo lake litazibwa kwa njia nyingine. Kwa hiyo lumbesa inamnyima mkulima na inaongeza nakisi kwa mpigo mmoja. Mzigo ukifika Dar es Salaam, viazi vilevile vinauzwa kwa kilo, kwa sado, kwa fungu. Hakuna mama muuza chipsi anayepewa lumbesa.

Someni mwanzo wa Suratul Mutaffifin. Allah (S.W.) anawatishia adhabu wale ambao wakipimiwa na watu hutaka kamili, na wao wakiwapimia watu hupunguza. Ukinunua kwa lumbesa na kuuza kwa sado umefanya yote mawili.

Na katika Suratu Hud kuna jambo ambalo kwa miaka nimelisoma bila kulizingatia. Nabii Shuaib (A.S.) alipowaendea watu wa Madyan kuwakataza kupunja vipimo, aliwaambia kwamba anawaona wamo katika hali ya kheri, yaani neema na wasaa wa riziki, na kwamba pamoja na hayo anawahofia adhabu (11:84). Madyan haikuwa nchi ya njaa. Ilikuwa mji wa biashara, na Suratul A'raf inataja walivyokaa kwenye kila njia. Kwa lugha ya leo, uchumi wao ulikuwa unakua. Wasomaji wa redioni wangewasifu. Kilichowaangamiza, pamoja na shirki yao, kilikuwa kwenye mizani.

Nilipolisema hili katika darsa iliyofuata, mzee yule alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Ustadh, mizani ninayo. Lakini nikipima kwa kilo mimi peke yangu, mwenzangu anakuja na lumbesa anapata mzigo wa bei rahisi, tukifika mjini ananishinda soko. Nitafunga biashara." Hoja yake si ya kupuuzwa. Wakala wa Vipimo wapo, operesheni za barabarani hufanyika, magunia hufunguliwa, na baada ya wiki mbili mambo hurudi palepale. Mtu mmoja hawezi kuubadili mji. Lakini tukumbuke watu wa Madyan nao walimjibu Shuaib kwa hoja ya biashara. Walimuuliza kwa kejeli kama swala zake ndizo zinazomwamrisha waache kufanya watakavyo katika mali zao (11:87). Walitenganisha swala na soko, na sisi tunaomaliza darsa ya riba na kwenda kushona magunia alfajiri tumewafuata.

Ninachoona kinawezekana ni wafanyabiashara wanaoswali msikiti mmoja kukubaliana. Wakiwa wanne au watano wenye malori, wakanunua kwa kilo kwa bei inayotangazwa mlangoni mwa msikiti, mkulima ndiye atakayewatafuta. Mtaji wao unaweza kuunganishwa kwa ushirika wa mudharaba badala ya mkopo wa riba. Serikali nayo idaiwe mizani ya umma katika kila kata inayolima viazi, jambo ambalo gharama yake ni ndogo sana mbele ya trilioni tulizozitaja. Kisha ndipo tutakuwa na uso wa kuuliza fedha za mikopo zimekwenda wapi.

Mzee aliuliza swali moja zaidi, kwa sauti ya chini, watu wakiwa wanavaa viatu. "Na yale ya nyuma?" Nilimweleza wanavyosema wanazuoni: haki ya mja haifutwi na istighfari peke yake. Anayemjua aliyempunja amrudishie, awe Mwislamu au asiwe, au amuombe amsamehe baada ya kumweleza kiasi. Asiyeweza kabisa kumpata, wala warithi wake, atoe sadaka thamani hiyo kwa niaba yake. Akaanza kutaja vijiji: Mtwango, Igongolo, Uwemba.